Pinki ya Nyuma ya Kabati

Asikudanganye mtu, pinki si moja. Nenda duka la rangi umwambie muuzaji unataka ile iliyopauka, kisha uone kama hutatoka na kizunguzungu. Mwalimu alitoka na vikopo vitatu vya kujaribia, na kwa macho yake vyote vilikuwa kitu kimoja.

Hakuwa mtu wa urembo. Alifundisha hesabu darasa la sita, akarudi nyumbani kumwangalia mama yake mzazi, ambaye ugonjwa wa kusahau ulikuwa ukimla kidogo kidogo. Waliishi wawili tu. Mama alishasahau majirani, alishasahau mumewe amezikwa, lakini mambo mawili yalikuwa hayajamtoka: kwamba Mwalimu ni mwanawe, na kwamba chumba kile cha pinki ni chake. Akizidiwa, aliingia mle, akaupapasa ukuta, roho ikatulia.

Basi mvua ikanyesha ile ya kunyesha, paa likavuja, plasta ikabanduka. Akaitwa fundi. Fundi yule, Mungu amsamehe maana mimi bado, akaziba ukuta kisha akapaka chumba kizima nyeupe bila kumuuliza mtu. Toka siku hiyo nyumba haikukalika. Mama alifunga nguo zake kwenye shuka, akasimama mlangoni kutwa nzima, "Mwanangu, nirudishe kwangu." Mara mbili alikutwa barabarani akisimamisha malori. Mara ya pili lori lilifunga breki karibu na magoti yake kabisa, dereva akashuka anatetemeka kuliko yeye. Mwalimu akaapa kwamba ile pinki itarudi, iwe isiwe.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja wa taratibu, watu wakimwita Polepole, na jina lilimkaa. Wakasaidiana kusogeza kabati. Nyuma yake, kwa kuwa fundi wa kwanza alikuwa mvivu wa kusogeza vitu, palibaki kipande cha rangi ya zamani, kikubwa kama mlango. Mwalimu nusura alie kwa furaha.

Polepole akapaka viraka vitatu pembeni ya kipande kile, akamkataza kuchagua. Rangi mbichi ni mwongo, alimwambia, ingoje ikauke, uitazame asubuhi, uitazame na jioni. Mwalimu akangoja. Kesho yake kiraka cha kwanza kilikuwa kimegeuka cha zambarau, hicho wakakiacha. Cha pili kilikuwa cheupe kidogo, kama maji ya kuoshea nyama. Cha tatu kilifanana na cha nyuma ya kabati, hata ukiweka kidole mpakani huoni kinapoanzia.

Hapo mzee akakuna kichwa. Alisema kipande kile hakijaona jua tangu kabati liwekwe, na chumba chenyewe dirisha lake linatazama mashariki. Kuta alizozizoea mama zilikuwa zimepauka miaka na miaka. Kwa maoni yake, cha pili ndicho.

"Cha tatu ndicho chenyewe," Mwalimu alisema. "Ushahidi huu hapa ukutani, fundi."

"Ni chenyewe, dada. Ila cha zamani."

Mwalimu alichoka. Wiki mbili alikuwa analala ameegemea mlango ili mama asitoke. Tena mtu wa hesabu ukimpa jibu lililoandikwa na jibu la kukisia, unajua atachukua lipi. Akasema cha tatu, na mzee akachanganya ndoo.

Siku ya kumwingiza, mama alisimama kizingitini muda mrefu. Kisha akaingia, akaweka viganja vyote viwili ukutani, akacheka kicheko ambacho Mwalimu hakuwahi kukisikia maishani mwake. Akafungua furushi lake mwenyewe, akatandika shuka. Mwalimu machozi yakamtoka, akamshukuru Mungu na mafundi wote wa dunia.

Mama akakaa kitandani, akafungua vifungo vya blauzi. "Niletee mtoto," alisema. "Atakuwa na njaa."

Mwalimu akajua ni mtoto yupi. Kabla ya Mwalimu alizaliwa dada, na dada yule aliishi siku kumi na tisa. Chumba kile baba yao alikipaka pinki kwa ajili yake. Mwalimu alizaliwa miaka mitatu baadaye, jua lilipokuwa limeshaanza kazi yake.

Alisema kweli, maskini. Alipiga magoti akamwambia mama kwamba mtoto alifariki, zamani sana. Mama alilia kilio cha siku ile ile, cha mtu aliyeambiwa sasa hivi, hadi majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Kulikuwa na msiba. Baada ya saa moja akasahau, akauliza tena, na Mwalimu akasema kweli tena. Mara ya tatu hakuweza, akasema amelala.

"Na mimi ni mwanao, mama," aliongeza. "Nitazame."

Mama alimtazama kwa adabu. "Mimi nimezaa mmoja tu, dada yangu. Wewe ni mtu mzima."

Asubuhi Polepole alikuja kuchukua ngazi yake. Alichungulia, akaelewa bila kuambiwa, na hakusema nilikwambia. Alisema kile cha pili bado kipo, kazi ya nusu siku, pengine mambo yatarudi yalivyokuwa. Mwalimu alimtazama mama yake, ametulia kitandani, shuka limenyooka. Akaikumbuka ile breki ya lori. Yale ya "pengine" alikuwa hayawezi tena.

"Acha hivyo hivyo, fundi," alisema. "Huyu amefika kwake."

Mama akamwita kwa sauti ya chini, ile ya kumstahi mgeni. "Samahani, dada, nifungie mlango taratibu. Mwanangu amelala."

Mwalimu akaufunga taratibu.