Neno la Kwanza la Aliyeniokota

Jina langu ni Jalala. Najua umetabasamu. Tabasamu upesi umalize, maana nina mengi ya kusimulia na sipendi kukatizwa.

Kwetu Wamaza, upande wa Kabambare, mama ambaye kifo kimezoea mlango wake haruhusiwi kumfurahia mtoto hadharani. Mtoto anayefuata hulazwa alfajiri juu ya jalala nyuma ya nyumba, katikati ya majivu na maganda ya mihogo. Mama huingia ndani akafunga mlango. Mwanamke aliyepangwa hupita kana kwamba ana safari zake, humwona mtoto, humwokota, humpaka majivu usoni, na neno la kwanza linalomtoka kinywani ndilo jina la mtoto. Kisha hubisha mlangoni na kusema ameokota kitu kisicho na mwenyewe. Je, yupo wa kukilea? Kifo, ambacho kwetu kinaaminika kuwa na masikio makubwa na akili ndogo, husikia hayo na kwenda zake. Ndiyo maana kwetu wako akina Majivu, akina Maganda, na mimi.

Mama yangu alikuwa amezika wote walionitangulia. Mimi nilibaki, na baada yangu akaja mdogo wangu Célestin, naye akabaki. Kwa hiyo wazee walisema jina limefanya kazi. Labda. Lakini wazee hawakuwa wakienda kisimani na wasichana wenzangu, walioniuliza kila asubuhi kama leo nimefagiwa au bado. Alitokea mchumba mmoja, kijana wa watu, mpole. Mama yake alisema hawezi kumwita mkamwana Jalala mbele ya wageni. Wakarudi kwao na kuku wao.

Ndipo Théophile, katekista, alipojenga kanisa la udongo kijijini kwetu na kutangaza kwamba anayebatizwa hupewa jina jipya. Watu wengine watakuambia walisikia sauti, au waliota ndoto. Mimi sikumfuata Yesu. Nilifuata jina.

Nikasoma miaka minne. Enzi hizo za Wabelgiji ubatizo haukuwa wa kukimbiliwa. Ulisoma, ukaulizwa, ukangoja, ukaulizwa tena. Miezi ya mwisho tulikaa misioni kule Kasongo. Asubuhi tulipalilia karanga za misioni, mchana tulikariri katekisimu. Nilijua majibu yote. Jina nilikuwa nimeshalichagua: Emilienne. Nililitamka peke yangu shambani, polepole, kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya kidole.

Mupe Octave, padri wetu, Mzungu mrefu mwenye kanzu nyeupe iliyofifia, alitupa sharti moja. Yeyote atakayerudia mambo ya hirizi, ya majivu na ya majalala kabla ya ubatizo, atangoja mwaka mwingine. Alisema kwa upole, lakini ulikuwa upole wa mtu asiyebadilisha neno.

Pasaka ikiwa karibu, Célestin alikuja kwa miguu kutoka Wamaza. Mke wake Faida alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Faida, wifi yangu, alikuwa ameshazika watatu.

"Wazee wanasema mukono uliookotwa ndio unaokota muzuri," aliniambia akiangalia chini. "Wanakuita, yaya. Faida pia anakuita." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Nilikasirika hadi jembe likaniponyoka. Nilitoka kwenye jalala lile miaka yote hiyo, hatua kwa hatua, na sasa imebaki kidogo nifike, wananiita nirudi! Nilimwambia Célestin anisubiri. Nikaenda sokoni kumtafuta mtu mmoja niliyemdai maelezo tangu nizaliwe.

Waridi alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa pale Kasongo, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Nyangwe. Yeye ndiye aliyeniokota. Hilo Mama aliniambia, na neno lililomtoka pia aliniambia. Zaidi ya hapo Mama hakusema.

"Bibi Waridi," nilianza, nimesimama mbele ya meza yake, "siku ile ungeweza kusema Maua. Ungeweza kusema Chumvi. Kwa nini ulisema Jalala?"

Aliendelea kupanga samaki wake. "Kwanza salamu. Miye si ukuta."

Nikamsalimu. Akanisogezea kigoda.

"Nani alikuambia kama miye nilipangwa? Shangazi yako ndiye alipangwa, lakini alichelewa. Alikuwa iko anatafuta nguo ya kuvaa. Miye nilikuwa mupita njia, natoka Nyangwe, kitunga iko ku kichwa. Desturi yenu sikuijua. Nasikia mutoto analia. Naangalia, mutoto iko mu majivu! Nikatupa kitunga chini, nikapiga kelele: 'Jalala! Mumetia mutoto ku jalala! Hii kijiji haina watu?' Wallahi, nilijua mumekutupa kweli."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Kuku zenu zikakula samaki zangu, na miye sikugeuka."

Nikasogeza kigoda karibu. Yeye aliona bado hajamaliza.

"Basi watu wakatoka, wakanieleza. Sikuwasikia. Shangazi yako akanibembeleza, nikamukatalia. Nikawaambia: 'Nyinyi mulimutupa, miye nimeokota. Sasa ni wangu.' Nilikaa na weye mu mikono mupaka jua likasimama katikati, mama yako analia ndani ya nyumba. Neno la kwanza wakafanya jina. La pili hakuna aliyelishika."

Wenzangu wote wa desturi ile waliokotwa kwa mchezo. Mimi niliokotwa kweli. Jina nililolionea haya maisha yangu yote halikuwa tusi. Lilikuwa kilio cha mtu aliyeikasirikia dunia nzima kwa ajili yangu, na hakuwa hata ndugu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu, nasi tukadhani ni maneno ya kukaribishia chakula tu.

Safari ya Wamaza ni ya siku kadhaa kwa miguu, na Célestin si msemaji. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Miaka minne nilikuwa nikijibu kwamba Mwana wa Mungu alishuka kuwatafuta waliopotea, nikisema haraka ili nifike kwenye swali linalofuata. Sasa, katikati ya mashamba ya pamba, nilimwona Mwana huyo. Alitua mzigo wake chini. Hakugeuka kuangalia kilicholiwa. Alimwinua mtoto asiye wa nyumba yake na kukataa kumwachia. Nilikaa kando ya njia nikalia, na Célestin akadhani nimechomwa mwiba. Kuanzia siku ile ndipo nilipoanza kumfuata Yesu. Jina lilibaki nyuma kidogo, likawa linatufuata sisi.

Hata hivyo, nilipofika sikutaka kuvunja sharti. Nilimwambia Faida tumpeleke mtoto kwa masista wa misioni. Wana dawa, wana mizani ya kupimia watoto. Faida alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amekonda, macho yake makavu.

"Wifi," akasema, "miye nimezika watatu. Weye unaogopa kungoja mwaka mumoja?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Swali hilo halikuwamo katika katekisimu. Nililala bila kuamua.

Alfajiri Faida alimlaza mtoto jalalani, akaingia ndani, akafunga mlango. Kijiji kizima kilijua, hivyo kijiji kizima kilikuwa kimejifungia. Mimi nilisimama uani na medali yangu ya ukatekumeni, ya wanaongoja ubatizo, shingoni. Wingu la mvua lilikuwa linapanda kutoka mashariki. Ng'ambo ya pili ya njia inayopita kando ya jalala, kwenye baraza lake, Théophile katekista alikuwa amesimama akitazama. Desturi haimruhusu mama kutoka, wala jirani kugusa. Aliyepangwa asipokuja, mtoto hubaki pale. Na aliyepangwa ni mimi.

Mtoto akalia. Hakulia kwa nguvu. Alilia kama anayeuliza kama kuna mtu.

Sikumbuki kuvuka ua. Nakumbuka uzito wake, mdogo kuliko nilivyotarajia, na majivu shavuni mwake, ambayo niliyafuta kwa ncha ya nguo yangu badala ya kumpaka mengine. Nakumbuka neno lililonitoka.

"Wangu," nikasema.

Nikabisha mlango. Faida, kutoka ndani, aliuliza kama inavyotakiwa: "Umeokota nini?"

"Nimeokota mtoto wangu. Fungua, mvua inakuja. Na siku mwili wake ukichemka usingoje wazee, tunampeleka Kasongo."

Halikuwa jibu la desturi. Kisha mlango ukafunguka.

Théophile alivuka njia. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimtesa asubuhi ile. "Jalala, nimeona. Itanilazimu kumwambia Mupe."

"Mwambie. Mwambie pia kwamba baraza lako lilikuwa karibu kuliko mahali niliposimama."

Akainamisha kichwa. Baadaye nilimwomba radhi, lakini si siku hiyo.

Mupe Octave alinipokea ofisini mwake Kasongo.

"Ulijua sharti?"

"Nilijua, Mupe."

"Basi kwa nini?"

"Mtoto alikuwa analia."

Alikaa muda mrefu akigeuza kofia yake mikononi. "Utangoja mwaka," akasema.

"Nitangoja."

Mkamia maji hayanywi. Jumamosi kuu nilikaa nje ya kanisa, chini ya dirisha, nikisikia wenzangu wakiitwa mmoja mmoja majini. Msichana mmoja kutoka Nyangwe alipewa jina la Emilienne, jina langu. Niliumia. Anayekuambia kwamba imani huondoa maumivu ya namna hiyo hajawahi kukaa chini ya dirisha lile. Lakini sikuondoka.

Nikarudi Wamaza, na mwaka ule ulikuwa na kazi. Mvua ziliponyesha Wangu alishikwa na homa, na Faida, ambaye safari hii hakungoja wazee, alimleta hadi misioni, mimi nikipokezana naye kumbeba njiani. Masista walimpa kwinini. Akapona. Habari ilirudi Wamaza kabla yetu. Mama mmoja akaja na wake, kisha mwingine, kutoka vijiji vya njiani hadi karibu na Kabambare. Hawakuwa wakipitia jalalani tena. Walikuja moja kwa moja mlangoni kwangu, na kila mtoto nilimpokea kwa neno lile lile, kisha tukashika njia ya Kasongo. Nikajua hii ndiyo kazi yangu. Nimeifanya mpaka miguu ilipokataa.

Mupe aliniona mara nyingi kwenye foleni ya dawa, nimebeba watoto nisiowazaa. Siku moja nilimwomba anishikie mmoja nifunge vizuri nguo ya kubebea, na mtoto akamkojolea kanzu yote. Masista walishika midomo. Mupe alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Huyu naye ni wako?"

"Wote, Mupe."

Pasaka iliyofuata aliniita. "Jina bado ni Emilienne?"

"Emilienne nalipenda bado. Lakini niite na Jalala."

"Jalala si jina la Kikristo."

"Mupe, ndipo nilipookotwa. Nikilitupa, nitasema niliokotwa wapi?"

Aligeuza tena kofia yake. Safari hii hakukawia. "Basi," akasema.

Jumamosi kuu kanisa lilijaa. Théophile alikuja, na mke wake Sidonie akasimama kando yangu kama mama wa ubatizo. Célestin na Faida walikaa nyuma na Wangu, ambaye alikuwa ameanza kutembea na hakuna mtu aliyeweza kumtuliza. Mlangoni, nje kabisa ya kizingiti, alisimama Waridi na mtandio wake mweupe. Kuingia alikataa, kuondoka alikataa. Mupe alipouliza nani analeta mtu huyu, Sidonie alifungua kinywa, lakini sauti iliyojibu ilitoka mlangoni.

"Ni miye nilimuokota!"

Watu wakacheka. Mupe pia, nadhani, ndani ya ndevu zake. Alingoja kicheko kiishe, akamwacha Sidonie ajibu alivyofundishwa.

Nikainama. Mupe akainua gudulia na kusema majina yangu yote mawili, la kuchagua na la kuokotwa, bila kupunguza sauti kwenye la pili. Maji yalikuwa ya baridi. Yaliponigusa nikasikia vishindo vya miguu midogo ikikimbia kuja mbele, na sauti ya Faida, iliyosahau kwamba iko kanisani, ikiita nyuma yangu:

"Wangu! Wangu!"

Mupe hakusimama. Akamwaga maji mara ya pili, na ya tatu.