Picha za Kila Dakika Kumi

Kabla ya zile picha kuanza, watu wa timu yake walikuwa wakimwita Dada Mkubwa. Haikupita hata wiki tatu jina likageuka, akawa Darubini. Hakuna aliyemwita hivyo mbele yake. Alilijua kwa sababu binti mmoja wa timu yake alisahau kwamba picha hupigwa hata mtu akiwa anapiga soga, na pale kwenye kona ya skrini ya binti yule yalionekana maneno aliyoandikiwa na mwenzake: "Funga hiyo haraka, Darubini atakuona."

Alikuwa msimamizi wa waandishi saba wa barua za madaktari. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: daktari akishamwona mgonjwa, anasema maelezo yake kwenye kinasa sauti. Sauti inatumwa kwa mwandishi, naye akiwa nyumbani kwake anaisikiliza na kuichapa. Msimamizi anaisoma, anabonyeza "Idhinisha", na barua inarudi hospitali. Kazi ya masikio na vidole, isiyohitaji mtu kupanda gari asubuhi.

Lakini Mkurugenzi hakulala usingizi kwa ajili ya watu asiowaona. "Mtu akiwa ofisini namwona amekaa," alimwambia. "Hawa wa nyumbani, nitajuaje kama hawafui nguo?" Akanunua programu. Kila dakika kumi, bila hodi, programu iliipiga picha skrini ya kila mwandishi na kuituma kwa msimamizi. Aliyekuwa akichapa, picha yake ilizungushiwa kijani. Aliyetulia, nyekundu.

Watu saba, saa nane za kazi, picha mia tatu na zaidi kwa siku. Msimamizi alizipitia akiwa kwenye meza ya sebuleni, kompyuta mbili mbele yake, na nyuma yake Shangazi.

Shangazi huyo, dada wa marehemu baba yake, alikuwa opereta wa simu enzi za waya, na ingawa alistaafu miaka mingi, sikio lake lilikuwa halijastaafu. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kazi ambayo hakuajiriwa.

"Huyu wa juu ana nini? Nyekundu tupu."

"Huyo ni Mzee Taratibu, Shangazi. Ndivyo alivyo."

Mzee Taratibu alikuwa karani wa maofisi tangu zama za taipureta, na jina alilipata kwa jibu lake moja la siku zote. Ukimuuliza mbona unachelewa, anakujibu, "Taratibu, mwanangu. Sikio haliswagwi kama mbuzi." Barua zake zilikuwa chache kuliko za wote. Msimamizi alikuwa amemzoea. Ila ukishapewa jicho la kumchungulia mtu kila dakika kumi, mazoea hayakai.

Jumatatu moja aliona katika picha ya mzee rekodi ambayo haikuwa ya siku ile. Tarehe yake ilikuwa ya wiki sita nyuma, na haikuwa ya mzee. Ilikuwa imegawiwa mwandishi mwingine. Picha iliyofuata, rekodi nyingine ya zamani. Ya tatu ilionyesha jedwali: namba za mafaili ya wagonjwa, tarehe, na safu ya alama za ndiyo na hapana.

Namba za wagonjwa hazikuwa za kuorodheshwa na mtu yeyote.

"Anaziuza," Shangazi alisema, wala hakupepesa jicho. "Siri za wagonjwa zina wanunuzi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Hakuna aliyesema kitu, Shangazi."

"Si nimesema mimi?"

Alimcheka, lakini neno lilishaingia. Siku ya pili aliacha kuangalia picha za wengine. Barua zao zilipofika alizipa jicho la juu juu, kama alivyozoea tangu picha zianze, akateua zote na kubonyeza mara moja, kisha akarudi kwa mzee. Picha ya saa tano kasorobo: mzee anaandika barua pepe kwa anwani asiyoijua. Mstari wa kwanza ulisomeka, "Nina jambo ambalo wenzangu hawalijui, kwa hiyo naomba…" Dirisha jingine lilikuwa limefunika yaliyobaki.

Alisubiri dakika kumi kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Picha iliyofuata ilikuwa ya barua ya kawaida ya daktari wa macho. Barua pepe ilikuwa imefungwa.

Akampigia simu.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nilikuwa nauliza tu… kuna kazi yoyote unafanya nje ya hizi nilizokugawia?"

Alisikia kiti kikilia upande wa pili.

"Mbona unaniuliza? Si unaona kila kitu?"

"Naona vipande, mzee."

"Basi nipe mpaka Ijumaa," alisema. "Ijumaa nitakwambia. Kabla ya hapo sitaki kusema kitu nisicho na hakika nacho." Akaaga kwa adabu zake zote, akakata.

Mtu mwenye mikono safi anaomba muda wa nini? Msimamizi alizunguka na swali hilo jikoni, akaunguza maziwa. Miaka minne alikuwa akimheshimu mzee yule kama baba mdogo. Sasa kila alichokumbuka kilikuwa na sura nyingine: ile siku aliyouliza jinsi ya kufungua rekodi za zamani, na kile kikohozi chake cha kujibaraguza.

Alhamisi asubuhi picha ilinasa mstari mmoja wa waraka mrefu: "…zinapita bila kusomwa. Msimamizi mwenyewe…" Na juu yake, anwani ya hospitali.

Kumbe anamchongea! Damu ilimpanda. Kuuza siri ni jambo moja. Kumharibia jina kwa wateja, ilhali yeye amemvumilia hivyo na uchelewaji wake, lilikuwa jingine. Alichapisha picha kumi na moja kwenye karatasi, akazitia kwenye bahasha na kwenda nazo ofisini.

Mkurugenzi alizitandaza mezani kama karata. "Unaona faida yake?" alisema, akimaanisha programu. Kabla ya adhuhuri mzee alikuwa amefungiwa kila kitu: rekodi, barua, hata salamu za kikundi. "Tufunge kwanza," Mkurugenzi alisema. "Kuuliza kutakuja."

Kesho yake, Ijumaa, mlango wa msimamizi uligongwa. Shangazi ndiye aliyefungua, na alivyosimama pale mlangoni ungedhani ni askari wa geti.

"Karibu," alisema, bila kusogea.

"Nimeshakaribia, dada yangu," alijibu Mzee Taratibu. Alikuwa na shati lililopigwa pasi na daftari kwapani. Alimtazama msimamizi juu ya bega la Shangazi. "Nilisema Ijumaa. Mmenifungia nje sijamaliza, kwa hiyo yaliyobaki nimeyaandika kwa mkono, kwa kadiri ninavyokumbuka."

Aliketi, akakataa chai, akafungua daftari. Ndani yake mlikuwa na orodha ya barua kumi na tisa, zote za wiki sita zilizopita, tangu picha zianze. Katika kila moja alichoandika mwandishi hakikulingana na alichosema daktari. Nyingi zilikuwa makosa madogo: sikio la kulia badala ya la kushoto, mwezi wa sita badala ya wa saba. Chini ya kila moja mzee alikuwa ameandika aliyeidhinisha, na mara zote kumi na tisa lilikuwa jina lile lile.

"Moja niliikuta kwa bahati," alisema. "Mgonjwa alirudi kliniki, rekodi mpya ikaja kwangu, na daktari akawa anashangaa barua yake mwenyewe. Nikasema nitazame ya pili. Ya pili ikanipeleka kwa ya tatu."

"Na hospitali uliwaandikia nini?"

"Waraka wa barua kupita bila kusomwa sijautuma, nilitaka uusome wewe kwanza. Nimewaandikia tu kuomba rekodi moja iliyo wazi zaidi. Yetu ina mkwaruzo. Niliwaambia wenzangu hawajui, kwa hiyo naomba nisikilize upya kabla sijamwambia msimamizi wangu, maana sitaki kumwonea."

Neno hilo la mwisho alilisema bila ukali wowote, na ndilo lililomchoma. Alihisi uso ukimwaka. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga.

"Hiyo yenye mkwaruzo ni ipi?"

Mzee aliweka kidole kwenye namba ya kumi na nne. Msimamizi aliifungua kwenye kompyuta yake, wakagawana hedifoni, sikio moja moja. Sauti ya daktari ilikuja ikikwaruza, ya mtu aliyechoka. Kwenye barua ilikuwa imeandikwa: *Mgonjwa aendelee na vidonge hadi tutakapoonana.* Walisikiliza. Wakarudisha nyuma. Mara ya nne, katikati ya mkwaruzo, akaisikia, silabi moja fupi kama mdudu aliyepita.

*Asiendelee.*

Alipiga simu hospitali. Muuguzi aliyepokea alimwambia asubiri, akasubiri, wimbo wa simu ukirudia pale pale. Muuguzi aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. Mgonjwa yule, mama mmoja, alikuwa bado anameza vile vidonge vya kushusha presha. Siku mbili nyuma alipatwa na kizunguzungu, akaanguka bafuni na kuvunjika kifundo cha mkono. Alikuwa hai, tena yumo wodini, na hapakuwa na aliyejua kwa nini presha yake ilishuka vile. "Na ninyi mmejuaje?" muuguzi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuwashuku.

"Kuna mwenzetu aliyesikiliza," alijibu.

Mkurugenzi alipopata habari aliuliza kwanza ni nani mwingine anayejua. Kisha akasema kwamba, kwa vile mzee ndiye aliyefungua rekodi zisizo zake, na picha zipo, ingekuwa rahisi kueleza kwamba ndiye aliyezichezea barua.

"Picha nilizileta mimi," msimamizi alisema. "Na barua nilipitisha mimi bila kuzisoma, kwa sababu nilikuwa nikitazama picha. Hayo nimeshayaandika kwa hospitali, na jina langu nimeweka."

Alivuliwa usimamizi wiki ile ile. Hawakumfukuza, walimpa hedifoni na foleni ya rekodi kama wengine. Mzee Taratibu aliombwa arudi. Alikubali kwa sharti moja: kila barua isomwe na watu wawili kabla ya kutoka. Hospitali ilikuwa imedai hilo hilo, kwa hiyo Mkurugenzi akalipitisha kama wazo lake. Picha ziliendelea.

Alikwenda kumwomba mzee radhi, nyumbani kwake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu. Kukuamini tena, hilo nipe muda. Nalo ni taratibu."

Wakapangiwa kusomeana barua, yeye za mzee na mzee zake. Wiki ya tatu simu ikaita.

"Barua yako ya saa nne," mzee alisema. "Mstari wa tatu. Umeandika 'mguu'. Daktari amesema 'mgongo'."

Aliisikiliza mara moja, mara mbili, mara tatu, kichwa amekiinamisha mezani.

"Hapana, mzee. Ni mguu. Sikiliza pale anaposema 'goti lake' baadaye."

Upande wa pili mzee alikohoa.

"Haya. Nilitaka tu kuona kama utasikiliza."

Alikaa na simu mkononi baada ya mzee kukata, asijue kama alikuwa amepimwa kweli au ni mzee aliyeteleza na kujitetea. Shangazi alisema amekosea, huyo, na anaona haya kukiri. Lakini Shangazi alikuwa amesikia upande mmoja tu.