Mabati Kabla ya Mvua

Kuta zilikuwa zimesimama, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima Gentille usingizi. Nyumba ambayo haijaanza haiogopi mvua. Lakini kuta za matofali mabichi zisizo na paa zinaiogopa kama unga ulioanikwa uani, maana wingu moja tu linatosha kuzirudisha tope. Yeye na mumewe Antoine walikuwa wamezipandisha mwezi wa kumi na mbili, kwenye kiwanja chao kidogo kule mwisho wa mtaa wa Mudzipela, jua lilipoanza kukausha kila kitu Bunia. Vyumba vinne, kama alivyotaka. Kilichobaki kilikuwa mabati, na mvua ya mwezi wa tatu haimngoji mtu.

"Mama Gracia," Antoine alimwambia jioni walipomaliza kufunika vichwa vya kuta kwa majani ya migomba, "weye njo waziri wa feza. Miye nitaletaka, weye utachungaka. Mbele ya mvua, siye tuko na mabati."

Masikini, hakujua anamkabidhi nani wizara.

Wako watu wanaobana matumizi kwa uso mrefu, kama waliofungishwa Kwaresima kwa nguvu. Gentille alibana kwa hamu. Alianzia kwenye makala, mkaa wa kupikia. Siku zote alikuwa akinunua fungu la kando ya barabara, lile ambalo muuzaji hulipanga kwa ufundi mpaka vipande vitano vionekane kumi. Akapiga hesabu, akakuta kwa mafungu ya mwezi mzima angeweza kununua gunia na bado likabaki. Akaenda kwa jirani yake Sylvie, wakanunua gunia moja wakagawana. Chakula kikiiva, aliyatoa makaa kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, na kuyazima kwa majivu ili yapike tena kesho. Maharagwe aliyaloweka tangu usiku yaive upesi. Nayo hakuyanunua tena kwa kikombe. Alisubiri magari ya mazao kutoka Kpandroma yashushe mizigo, saa ambayo wenye mali wana haraka ya kurudi kwao na bei inalegea yenyewe. Hiyo yote ilikuwa akili njema, na mwenye mbabula yeyote angefanya vizuri kumwiga.

Kila alipofikisha bei ya bati moja alikwenda kulinunua palepale. Franka zikikaa ndani ya nyumba hupata miguu, alisema, lakini bati haliendi popote. Mabati yakaanza kupangwa nyuma ya kitanda cha chumba walichopanga, na usiku mtu akijigeuza vibaya yalinguruma.

Shida ni kwamba kubana kuna utamu wake, na mwenye kuonja haachi upesi. Sabuni ikawa inakatwa kwa uzi. Chai ikapoteza maziwa, kisha ikapoteza sukari, ikabaki na jina. Sokoni, alikouza makayabo, samaki wa chumvi wa kutoka Kasenyi, Gentille alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, yeye bibi wa motard, mke wa mtu anayebeba abiria kwa pikipiki, na vumbi likimfika magotini. Watu walicheka. Wacheke tu, alijiambia, kicheko hakiezeki nyumba.

Mwisho akafika kwenye sufuria. Mama yake, mtu wa upande wa Mahagi, alimlea akijua kwamba bugali haipikwi kwa hesabu ya waliopo. Maji yakichemka, mwanamke huongeza konzi moja ya unga kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika. Akifika, amekuta. Asipofika, watoto watakula asubuhi. Gentille aliondoa konzi ile kwanza, na wakati wa kula akawa anafunga mlango wa uani. Kisha akaondoa konzi yake mwenyewe, akawa anakula kilichoganda chini ya sufuria. Kisha akagusa ya Antoine, kidogo kidogo, kama mtu anayevuta blanketi ya aliyelala. Ya Gracia na mdogo wake hakuigusa. Hakuwa mchawi.

Antoine alikula alichowekewa. Mwanaume wa huko halalamikii sufuria ya mkewe, maana akiilalamikia ni sawa na kutangaza kanisani kwamba alikosea kuoa. Tena baada ya wiki kadhaa alianza hata kubakiza. Alimega mara nne, mara tano, akasukuma sahani upande wa watoto.

"Nimeshiba," alisema.

Gentille alifurahi. Aliona mumewe naye ameingia ndani ya mpango, na usiku ule alimpenda sana.

Lakini kuanzia katikati ya mwezi wa pili, pesa alizoleta Antoine zikaanza kupungua. Haikuwa ghafla, ilikuwa kama ndoo yenye tundu la sindano. Leo alisema essence ya pikipiki imepanda. Kesho alisema ni breki. Keshokutwa polisi walikuwa wamemsimamisha. Bati lililokuwa likipatikana kwa siku chache sasa lilichukua wiki nzima na zaidi, na asubuhi moja Gentille aliona mawingu yamekaa upande wa ziwa, meusi chini, yakimtazama. Nyuma ya kitanda palikuwa na nusu tu ya mabati waliyohitaji.

Siku hiyo sokoni alimwambia Sylvie. Sylvie alikuwa akiuza kando yake, mwanamke mwenye ulimi usio na kufuli.

"Sketi yako umeipunguza mara ngapi?" Sylvie akamuuliza.

"Mara mbili."

"Na mukaba ya Baba Gracia?"

Gentille aliacha kupanga samaki. Mkanda wa Antoine ulikuwa unafungwa tundu lilelile la siku ya Noeli. Yeye alikonda, mabega yakatokeza kama ya mbuzi wa kiangazi, na mume aliyesukuma sahani kila jioni alikuwa vilevile.

"Dada," Sylvie akasema polepole, kwa mara ya kwanza bila kucheka, "mwanaume mwenye kushiba kwake bila kula, kuko mwenye kumupikia."

Neno lile liliingia likakaa. Mume akinywa, mke hulia na kuvumilia. Mume akipoteza pesa, huzungumza. Lakini mume kushiba kwa sufuria ya mwanamke mwingine, hilo lina aibu yake, maana mji mzima utauliza sufuria ya mke ilikuwa na nini. Na Gentille alijua vizuri ilikuwa na nini. Mchana wote alikaa mbele ya makayabo yake na hofu mbili, ya mvua na ya mwanamke asiyemjua, na hakuweza kusema ipi ilikuwa kubwa. Akaona kwa macho ya moyo franka za mabati yake zikigeuka kitenge kwenye kiuno cha mtu.

Kesho yake, jua lilipokuwa katikati, alimwachia Sylvie samaki wake na kwenda kumtafuta Antoine. Hakumkuta kwenye parking ya motard. Wenzake walitazamana, kisha mmoja akaonyesha kwa kidevu, ng'ambo ya barabara, nyuma ya depo ya simenti. Huko palikuwa na malewa, kibanda cha mbao na bâche ya bluu kwa paa, mahali pa kula pa watu wa kazi. Pikipiki ya Antoine ilikuwa imeegeshwa mbele. Mlangoni mwanamke mmoja mnene alikuwa akisonga bugali, jasho likimtiririka, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya mtu asiye na deni.

Gentille alimtazama na kumchukia papo hapo, kuanzia kilemba mpaka kandambili.

Akaingia. Antoine alikuwa kwenye benchi ya mwisho, ameinamia sahani ya bugali na maharagwe, na sombe, majani ya muhogo, pembeni. Alikuwa peke yake. Alikula haraka, bila raha, kama mtu anayeiba. Alipoinua macho na kumwona mkewe, mkono wenye tonge ulisimama njiani.

"Mama Gracia..."

"Kula," Gentille akasema. "Kula, Baba Gracia. Kwangu unashibaka, hapa unakula. Endelea."

Watu wawili watatu waliokuwa wakila waliinamia sahani zao ghafla, kana kwamba maharagwe yameanza kusema. Yule mwanamke mnene, ambaye jina lake lilikuwa Kavira, aliacha mwiko akageuka. Uso wake ukafunguka wote.

"Ah! Njo ye huyu?" akamuuliza Antoine. "Njo Mama Gracia mwenye paketi? Karibu, mama, karibu! Mi kila siku ninasema, huyu bibi siku gani nitamuona!"

"Paketi gani?" Gentille akauliza.

"Paketi yako! Bwana yako hakulaka hapa mbele sijafunga yako. Bugali, maharagwe, na mi naongezaka kanyama kamoja juu, bila kulipisha, sababu naonaka vile anakupenda." Akaonyesha mezani. Kando ya kiwiko cha Antoine palikuwa na saché nyeusi ya plastiki, imefungwa fundo, bado inatoa mvuke. "Sikuelewe, mama. Haukuwa unapata?"

Gentille aliitazama ile saché. Kisha akamtazama mumewe. Antoine alikuwa ameshusha kichwa, naye alikuwa mtu mrefu, na kumwona vile kulimuumiza kuliko alivyotazamia.

"Jioni naifikishaka mupaka kwa mulango," Antoine akasema chini. "Pale mulango inafungwa. Nasimama. Njo nakumbuka mukate."

Mkate. Gentille akaukumbuka naye, na joto likampanda shingoni. Mwanzoni mwa mwezi wa pili Antoine alirudi na mkate mrefu ndani ya gazeti, mkate wa kawaida wa watoto wa watu. Gentille alimhoji juu ya mkate ule siku tatu: pesa zimetoka wapi, nani amemtuma, anajua bei ya bati? Kisha akaenda akamuuzia Sylvie.

"Kisha inaenda wapi?" akauliza. "Paketi, ukirudisha?"

"Napatiaka muzee Alphonse, sentinelle mwenye kulindaka depo. Anaomba Mungu akubariki. Anazani ni weye unatumaka."

Kavira akajishika mdomo.

"Na weye," Gentille akasema, na sauti ikamvunjikia katikati, "kwa nini haukunisemea? Ungesema tu: niko na njaa."

Antoine akapandisha suruali akaonyesha goti, kovu lilikuwa bado jekundu. Alimwambia alivyoanguka na mteja kwenye mteremko, wiki za mwanzo za mwezi wa pili, si kwa changarawe kama alivyosema nyumbani, bali macho yalimwingia giza. Mteja hakuumia. Lakini alijua angeanguka tena, na mara ya pili kungekuwa na mtoto nyuma. Ndipo akaanza kula pale. "Ningesemaje? Ni miye nilikuambia uchunge. Na nilikuwa naona namna weye unakwangula sufuria. Mutu mwenye kukwangula sufuria, utamuambia uko na njaa?"

Bandu bandu huisha gogo. Gentille alikuwa ameisema methali hii mara nyingi akikata sabuni, akijiona ndiye gogo na matumizi ndiyo shoka. Sasa alikaa kwenye benchi, akaona alivyochonga. Alimpunja mume konzi moja ya unga, na konzi ile mume alikuwa akiinunua huku kwa bei ya malewa, mara mbili kila siku, moja ya kula na nyingine ya kugawa. Hesabu haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni kwamba mtu huyu alisimama kila jioni mbele ya mlango wake mwenyewe na chakula cha mkewe mkononi, akaogopa kuingia. Aliona aibu kubwa. Aliona pia, na hilo lilimshangaza, kwamba anapendwa, na kwamba alikuwa amepoteza muda mrefu bila kujua.

"Mabati iko ngapi inafunika vyumba viwili?" akauliza, akijifuta macho kwa upande wa kitenge.

Antoine alifikiri. "Ile tuko nayo inafika."

"Basi tuezeke viwili. Kuta za ile ingine, mvua ikizitaka, izibebe, tutazijenga tena. Tuhamie. Tukihama, tunaacha kulipa feza ya nyumba ya watu kila mwezi."

"Ulisema vine. Ulisema hauingie mu nusu ya nyumba."

"Nilisema mingi."

Kavira alikuwa ameshakuja na bakuli la maji ya kunawa, bila kuulizwa. Aliifungua saché mwenyewe, akaimimina kwenye sahani. Nyama ilikuwa pale juu, kipande kimoja, kama alivyosema. Gentille alinawa. Alimega tonge la kwanza kwa adabu, la pili kwa haraka, na kuanzia la tatu hakuona tena nani anamtazama. Hakujua kwamba alikuwa na njaa kiasi kile. Machozi yalimtoka na mdomo ukaendelea kutafuna.

Alipofika nusu ya sahani, mkono ulisimama wenyewe. Akaivuta saché, akaanza kusukumia humo bugali iliyobaki na kile kipande cha nyama, vya jioni.

Antoine aliushika ule mkono.

"Maliza," akamwambia.

Gentille alitazama sahani kitambo. Kisha akairudisha nyama, akaila, akamaliza na bugali yote.