Mwenye Kampuni

Ngozi zilijaa uani mpaka lori la Merti likakosa pa kushushia. Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, ukame umeikaba kaskazini yote, na kiwanda cha ngozi cha Isiolo hakijawahi kuona neema kama ile. Doyo aliinamia gogo lake akikwangua mafuta kwa kisu cha mikono miwili. Mafuta gani! Ng'ombe wenyewe walikufa mifupa mitupu.

Moyo wake ulikuwa Biliqo. Huko ndugu yake Jillo alibaki na ng'ombe tisa kati ya sitini, na alikuwa ametuma neno: tafuta lori uwalete Burat, kwenye majani, la sivyo mwezi huu hawaumalizi. Lori lilitaka pesa. Doyo hakuwa na pesa, alikuwa na hisa.

Miaka sita nyuma meneja alitangaza kwamba wafanyakazi watakatwa mshahara kidogo kila mwezi, nao wawe wenye kampuni. Neno hisa halikueleweka, na Doyo, aliyesoma mpaka darasa la saba, akaombwa awafafanulie wenzake. Akawaambia hisa ni mtamba: leo unamchunga, kesho anazaa, na siku ya shida unamtoa bomani unamuuza. Watu wakapiga dole gumba wakicheka. Hata Lokaale, Mturkana asiyeamini karatasi yoyote, alipiga. Doyo alijivuna siku ile, tena sana. Hakuuliza mlango wa boma hilo unafunguliwa na nani.

Saa nne akanawa mikono, akaenda ofisini. Meneja alimpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsomea masharti. Hisa hazitoki mpaka mtu afikishe miaka hamsini na mitano, au afe. Akiacha kazi kabla ya hapo, zinarudi kwa kampuni.

"Basi nimuuzie Lokaale," Doyo alisema.

"Haziuzwi."

"Kama siwezi kuuza, ni yangu aje?"

"Ni yako, Doyo. Jina lako liko hapa."

Akaomba basi mkopo wa mshahara. Meneja akacheka kwa upole, akamuuliza mwenye kampuni atajikopeshaje mwenyewe.

Doyo alikuwa na miaka thelathini na nne. Ng'ombe walikuwa na wiki tatu za kuishi. Alirudi kwenye gogo akiwa na hasira ya kutupa kile kisu, lakini akikitupa, miaka sita ya kukatwa imekwenda bure, na mkewe Kabale na watoto kule Kiwanjani walikula kwa kisu hicho hicho. Lokaale alipomuuliza kama amefaulu, hakuweza kumtazama usoni.

Mwezi uliofuata meneja aliwakusanya, akaagiza kreti za soda. Alisema kampuni haijawahi kupata faida kama hii, maana ngozi ni nyingi na wafugaji hawana pengine pa kuuza. Hisa ya kila mtu imepanda karibu nusu. Doyo akatafsiri, neno kwa neno. Alikuwa hajamaliza soda yake alipoitwa getini.

Jillo alikuwa amesimama kando ya mzani, vumbi mpaka kwenye kope, na ngozi tisa miguuni. Wakasalimiana salaam aleikum, wakashikana mikono muda mrefu. Kananu, karani wa mzani, alikuwa ameshaandika: daraja la mwisho, shilingi nne kila moja, kwa sababu chapa imeharibu ubavu. Chapa ilikuwa ya ukoo wao. Doyo ndiye aliyewachoma ng'ombe chapa hiyo.

Jillo akamvuta pembeni, uso umechangamka kidogo.

"Ndugu yangu, si wewe ndiye mwenyewe hapa? Waambie waongeze bei."

"Bei ni hiyo," Doyo akasema.

Jillo akapokea noti zake, akazikunja ndani ya kikoi. Kule uani wenzake Doyo walikuwa wameanza kuimba. Jillo akasikiliza, kisha akamuuliza ndugu yake leo kuna sherehe gani.