Siku Tano za Masomo

Bwana Batholomeo, afisa utumishi wa kiwanda chetu cha mvinyo, aliisoma barua yangu akiwa amesimama, kisha akaisukuma mezani irudi upande wangu.

"Evodia, dada yangu, huu ni Agosti. Zabibu zinaingia. Semina gani sasa hivi?"

"Ya usalama kazini. Siku tano, hapa hapa Dodoma mjini. Mimi na Mzee Sila. Wenzetu walituchagua kuwa wajumbe wa kamati ya afya na usalama, na mkataba wa hali bora unasema mjumbe atapewa likizo ya masomo yenye malipo. Kifungu cha kumi na nne. Ukurasa wa mwisho una sahihi yako."

"Sahihi yangu naijua."

"Ndiyo maana nimekutajia."

Akacheka kile kicheko alichojifunza tangu kiwanda kibinafsishwe. "Chukua likizo yako ya mwaka."

"Niliimaliza Machi, nikimzika mama. Uliniidhinishia wewe."

"Basi chukua bila malipo. Menejimenti haimzuii mtu kujifunza. Ajifunze kwa gharama zake."

Alilipenda neno hilo, menejimenti. Alilitamka kana kwamba yeye hayumo.

Mimi huosha matangi. Mvinyo ukishahamishwa, chini hubaki makapi ya zabibu, nayo huendelea kuchachuka na kutoa hewa nzito isiyoonekana, ambayo humwangusha mtu kabla hajasema lolote. Mmoja wetu huingia na ndoo na ufagio, kamba kiunoni. Mwingine hubaki juu, ameishika kamba. Anayeingia huimba. Wimbo wa kwaya, wa ngoma, tangazo la redio, chochote kile, ilimradi asinyamaze. Sauti ikikatika, unavuta. Hicho ndicho kipimo chetu cha hewa: koo la mtu.

Msimu uliopita sauti ya Stanley ilikatika katikati ya ubeti. Angelina aliyekuwa juu akavuta, kamba ikanasa kwenye ngazi, akamfuata ndani. Tuliwatoa wote wawili. Stanley tulimzika kwao Bahi. Angelina yu hai, lakini mpaka leo husahau majina ya wanawe. Ripoti ya kiwanda ikaandika: uzembe wa wafanyakazi. Haya, nani kati yetu aliwahi kufundishwa kwamba mwenzako akianguka mle ndani, usimfuate? Nani alituambia kuna kifaa cha kupima hewa? Hayo ndiyo niliyotaka kwenda kuyajua, na nilitaka niyajue kabla hatujamzika mwingine.

Nikatoka ofisini. Uani nikamkuta Mzee Sila ameshika daftari, wenzetu wamemzunguka.

"Tumeshasikia, mwanangu," akasema. "Usihangaike. Tunachanga. Kila mmoja atoe alichonacho, tukufidie hizo siku tano. Mimi nitabaki. Wewe umesoma, utakuja kutufundisha."

Waliniangalia kwa upendo, na upendo wao ukanichoma kuliko kicheko cha Batholomeo.

"Mzee Sila, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Nani anaoa?"

"Evodia…"

"Basi daftari la nini? Wao wanavunja mkataba, sisi tunapitisha daftari! Mwaka huu mkinichangia, mwakani Batholomeo atakuja hapa kuuliza mbona mchango umechelewa."

Mtu akacheka, akajizuia.

"Usinipigie kelele," akasema Mzee Sila. "Mimi ni sawa na baba yako."

"Nisamehe, baba. Lakini sipokei."

Nikauchana ukurasa ule. Kisha nikaitoa kamba kwenye msumari wake kando ya tangi namba nne, nikaitupa chini. Getini malori ya zabibu kutoka Mkonze yalikuwa yamepanga foleni juani, maji ya zabibu yakidondoka barabarani. Tangi lisipooshwa, mzigo hauna pa kwenda. Zamu ilikuwa ya Mzee Sila. Akaitazama kamba. Wote tulijua wanaotafuta kazi nje ya geti ni wengi.

Batholomeo akaja mbiombio.

"Shikamoo, Mzee Sila."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona tangi halioshwi?"

"Leo siingii."

"Kwa nini?"

"Sijafundishwa." Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai.

"Mzee! Una miaka kumi na tisa unaosha matangi!"

"Ndiyo. Miaka kumi na tisa sijafundishwa."

"Ingia wewe, bosi!" Brighton akapaza sauti kutoka nyuma. "Sisi tutashika kamba. Ila uimbe vizuri!"

Uani pakalipuka vicheko. Batholomeo akatoa kalamu. "Naandika majina."

"Andika," nikamwambia. "Anza na la Stanley."

Vicheko vikakoma. Dereva mmoja akapiga honi, wa pili akaitikia. Batholomeo akageuka kuyatazama malori, akatutazama sisi.

"Mnataka nini?"

"Fomu za likizo. Na tangi lioshwe kwa mpira wa maji, sisi tukiwa nje."

"Hiyo itachukua siku nzima!"

"Itachukua."

Akaagiza fomu. Akajaza yangu juu ya boneti ya lori, akanikabidhi. "Haya. Wawili siwezi."

Mzee Sila akageuza ndoo yake kifudifudi, akaikalia. Wenzetu wakakaa chini, mmoja baada ya mwingine, hadi Batholomeo akabaki amesimama peke yake. Akajaza ya pili.

Nikazisoma zote mbili mstari kwa mstari, jua likimpiga Batholomeo kichwani. Penye aina ya likizo alikuwa ameandika "maalumu" tu.

"Hapa ongeza," nikamwambia. "Ya masomo. Yenye malipo."

Akaongeza. Nikamrudishia ya Mzee Sila.

"Na hapa pia."