Programu Tuliyoichagua kwa Kelele

Watu wanane, wote wanaokula kwa kazi ya maandishi, walikaa kikao saa tatu nzima wakitafuta namna ya kutoandika. Nami nilikuwemo. Kiwanda chetu kinachapa vitabu vya shule, na kazi yangu ni kusoma prufu, kurasa za majaribio, nikisaka makosa kabla hazijachapwa. Wananiita Nukta kwa sababu siachi hata moja ipite. Siku hiyo nilikuwa radhi zipite zote, mradi wanyamaze.

Ile programu ya zamani ya kutumiana ujumbe kwenye kompyuta ilikuwa imekufa. Ilikuwa ya maandishi tu, haina urembo wowote, na kwa miaka tisa ilitutosha. Mtaalamu, mpwa wa Bosi, ambaye utaalamu wake wote ni kuzima na kuwasha, akatuonyesha tatu mpya ukutani. Ya kwanza aliisifu rangi. Ya pili alisifu vikatuni vyake vya kucheka na kulia. Hakuna aliyeuliza kama mafaili ya kurasa yatapita, wala kama ujumbe wa mwezi uliopita utaonekana. Walikuwa wamekodoa macho tu, eti wanachagua.

Ya tatu ilikuwa na kitufe cha kipaza sauti. Unabonyeza, unaropoka, unaachia, basi.

"Hiyo hiyo!" Fundi Mashine aliruka. "Mimi kwa vidole vyangu hivi, nikitafuta herufi moja nagusa tatu."

"Na akili je, inagusa ngapi?" nikamuuliza. Wakacheka. Bosi akasema wanaoitaka waseme ndiyo, na chumba kizima kikaitika kama darasa la kwanza.

Mwisho wa meza alikaa mdogo wangu wa tumbo moja. Ndiye anayepanga kurasa, na pale kiwandani hakuna mwenye mkono safi kama wake. Ni kiziwi tangu utotoni. Alipoona midomo yote imefunguka kwa pamoja, naye akanyoosha mkono kukubali. Tulipotoka akaniuliza kwa ishara tumechagua nini, na je, ina maandishi? Nikamjibu ina kila kitu. Sikudanganya.

Miaka yote hiyo tisa alikuwa kibarua. Mwezi huo ndio Bosi alikuwa amwandikie ajira ya kudumu. Faili lilikuwa mezani linangoja saini, na Bosi alishasema hataki kuona kosa hata moja kabla ya hapo. Nyumbani, mama alikuwa akiliulizia hilo faili kuliko anavyoulizia afya zetu.

Wiki ya kwanza watu waliandika. Ya pili uvivu ukawapanda kichwani. Bosi yuko chumba cha pili, hatua sita, lakini anatuma sauti ya dakika nne, nusu yake kukohoa. Fundi Mashine akageuka mtangazaji. Kompyuta ya mdogo wangu ikajaa vimistari vya mawimbi visivyo na neno hata moja. Akawa anazunguka na daftari meza kwa meza kuuliza kila mtu kasema nini, nao wanamwandikia maneno mawili ya haraka huku wamekunja uso, utadhani yeye ndiye aliyewaongezea kazi. Mfyuu! Nilikuwa nawatazama na kuwadharau mmoja mmoja.

Kisha kitabu cha sayansi kikatoka. Mchoro wa mwili wa binadamu, ukurasa mzima, umegeuzwa: moyo uko upande wa kulia wa mtu, ini upande wake wa kushoto. Nakala elfu tano, na zimeshafungwa kwenye maboksi.

Bosi akatuita wote. "Aliambiwa," akasema, akimnyooshea mdogo wangu kalamu. "Siku mbili kabla ya kuchapa. Mtaalamu ameuona ujumbe, umo humo kwenye programu."

"Wa maandishi?" nikauliza.

"Wa sauti," akajibu Mtaalamu.

Hapo damu ikanichemka. Nikasimama, nikapiga meza. "Ni mpumbavu gani anayemtumia kiziwi sauti? Hebu asimame tumwone! Watu wazima ovyo, hamna hata haya! Uvivu wenu, halafu kazi ipotee ya mdogo wangu?"

Hakuna aliyesimama. Bosi akamwambia Mtaalamu aufungue ujumbe wenyewe, kila mtu asikie.

"Mdogo wangu," kompyuta ikasema, na kisha akasikika mtu akifyonza chai, "ule mchoro wa ukurasa wa arobaini umegeuka, uweke sawa kabla hawajauchukua. Halafu ukifika nyumbani mapema, mwambie mama nitachelewa, asinisubiri."

Ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Siku ile nilituma sauti kama thelathini, kidole kwenye kitufe, mkono wa pili kwenye kikombe. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kama wangecheka.

Mdogo wangu alikuwa anazisoma nyuso zetu, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwangu. Akauliza kwa ishara: inasema nini? Mle ndani hakuna mwingine anayejua ishara. Nikainua mikono, nikamtafsiria maneno yangu mwenyewe, yote, hata yale ya mama.

Hakukasirika. Akanijibu taratibu, ingawa ni mimi tu niliyemwelewa, asije akaachwa nyuma mtu.

"Anasemaje?" Bosi akauliza. Faili lilikuwa mbele yake. Wote walinigeukia mimi, na ningeweza kusema lolote.

"Anasema aliuona ujumbe," nikasema. "Alikuja mezani kwangu kuuliza nimesema nini. Nikamwambia aje baadaye. Akaja tena kesho yake. Nikamwambia aje baadaye."