Namba Shingoni

"Nyuma yetu, upande wa kulia, ile bluu iliyofifia ni Usambara," Shamsiya alisema. Alikuwa amesimama mbele ndani ya kosta, mkono mmoja kwenye kiti cha dereva, mwingine umeshika kipaza sauti. "Kule Lushoto watu wanajifunika mablanketi na kulima kabichi. Huku kati ni mkonge. Halafu kuna sisi wa pwani. Mtu wa pwani akikukaribisha chai, usiwe na safari nyingine siku hiyo."

Abiria walicheka. Walikuwa wafanyakazi wa benki moja ya Dar es Salaam, wamekuja kuutalii mkoa wa Tanga.

Kazi hiyo ya kuongoza watalii Shamsiya aliipenda kuliko alivyoweza kuwaeleza watu wa kwao Chumbageni. Mzee Harub, baba yake, alisema mtoto wa kike wa ukoo wao hasimami ndani ya basi kuwapigia kelele wanaume asiowajua. Akanuna mwezi mzima. Kisha siku moja, kama mtu anayeuliza bei ya samaki, akataka kujua anawaambia nini wageni kuhusu Pangani ya babu zake.

"Yote, baba. Minazi, na watumwa waliolazimishwa kuipanda."

Mzee akachukua bakora yake akatoka. Lakini hakununa tena.

Walipopita Mwera, gari liliingia njia ya vumbi, na harufu ikawafikia kabla ya kambi ya wakata mkonge kuonekana. Jirani palikuwa na mashine ya kuchakata mkonge, na makapi yake yalikuwa yakioza mtaroni: uchachu mzito, kama maziwa yaliyoganda ndani ya kiatu. Dada mmoja aliyeitwa Jenifa akajiziba pua kwa mtandio.

"Mtazoea," Shamsiya alisema. "Anayetungoja hapa ni Mzee Methusela. Baba yake aliletwa kutoka Makete enzi za Waingereza, mmoja wa wale walioitwa manamba, kwa sababu shambani waliitwa kwa namba, si kwa majina. Yeye mwenyewe amekata mkonge mpaka uzeeni. Atakaa nanyi awasimulie."

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mzee aliwapokea barazani, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimepakwa kiwi, na alipomaliza kusimulia watu walirudi garini kimya.

Siku hiyo hakuwa barazani. Alisimama katikati ya uwanja, peku, amevalishwa gunia lililotobolewa matundu ya kichwa na mikono. Miguu yake ilikuwa imepakwa matope mpaka magotini. Begani alikuwa na mzigo wa majani ya mkonge, na shingoni, kwa kamba, kibao cha bati chenye namba nyekundu. Rangi ilikuwa bado mbichi. Ilikuwa imechirizika juu ya gunia.

Bryson, meneja mpya wa ofisi ya utalii iliyomwajiri Shamsiya, pale Usagara mjini Tanga, alikuwa ametangulia kuandaa mambo. Alisimama kando akitabasamu. "Karibuni sana. Huyu ndiye manamba halisi. Pigeni picha, msiogope."

Simu zikainuliwa. Shamsiya akawapita wale wenye simu. Alimsogelea Bryson.

"Hiki nini?"

"Dada Shamsiya, hakuna anayerusha mtandaoni mzee aliyevaa shati. Watu wanataka kuiona historia."

"Historia ndiyo anayoisimulia."

"Nani ana muda wa kusikiliza?"

Jamaa mmoja wa lile kundi, Godlisten, alikuwa amechuchumaa na simu yake. "Babu, hebu tembea tena. Ukifika hapa inama kidogo, kama mzigo umekulemea."

Mzee akarudi alikotoka. Akatembea, akainama. Wengine walicheka kwa aibu, wengine bila aibu. Utomvu wa majani yaliyokatwa ulimtiririka shingoni, na ngozi ilikuwa imeshaanza kuvimba.

Shamsiya alimwendea, akaushika mzigo. "Shikamoo, babu. Nipe mimi huu."

"Marahaba. Acha, mwanangu." Sauti ilikuwa ndogo na kali. "Huyu kijana wa ofisini kwenu ameahidi kutuezekea paa. Masika yote mvua imetunyeshea kitandani. Ukinivua hivi sasa, utaniezekea wewe?"

Shamsiya akauachia mzigo. Utomvu ulibaki viganjani. Akajipangusa kwenye buibui, ukazidi kunata. Kinyaa alichokuwa nacho kwa Bryson kikamgeukia yeye mwenyewe. Yeye ndiye aliyewaleta watu hawa, kwa sauti tamu, tangu Tanga mjini.

Akaingia ndani kumtafuta mke wa mzee. Bibi Yudith alikuwa ameketi kwenye stuli, uso ameuelekeza ukutani, amevaa gauni lake la kanisani lenye kola ya lesi.

"Mbona umejifungia, bibi?"

"Nimeambiwa nisitoke. Eti nimenenepa, nitaharibu picha." Alicheka kidogo bila kugeuka. "Baba mkwe wangu alipokufa, kibao chake cha namba tulikitupa chooni. Methusela alikitupa kwa mkono wake. Leo asubuhi amekaa hapo mlangoni akikipaka rangi kingine."

"Hukumkataza?"

"Ameniambia paa linavuja. Na kweli linavuja."

Nje, Godlisten alisikika akisema, "Mara ya mwisho, babu, mara ya mwisho kabisa."

Bibi Yudith akainuka. Akaibeba stuli, akatoka nayo juani, Shamsiya nyuma yake. Akaitua mbele ya simu zote na kusema bila kupaza sauti, "Mzee wangu, kaa. Umechoka."

Methusela alimtazama mkewe. Akamtazama Bryson. Kisha mzigo ukamteleza begani, taratibu, naye akaketi.

"Bibi, tupishe kidogo tu," Godlisten alisema.

Bibi hakupisha. Alisimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni, na gauni lake likaziba kila kitu. Jenifa alikuwa wa kwanza kurudisha simu mkobani.

"Mtoe huyo mama," Bryson alimwambia Shamsiya.

"Mtoe wewe."

"Basi panda gari. Wageni wanasubiri maelezo yako ya Pangani."

"Leo sina maelezo."

"Ukibaki hapa, Jumatatu usije ofisini."

"Sawa."

Alimkabidhi kipaza sauti. Gari liliondoka, na vumbi lilipotua ile harufu ilikuwa pale pale.

"Hataezeka," Methusela alisema.

"Hataezeka," mkewe alikubali. Alikata kamba ya kile kibao kwa kisu cha jikoni, akapiga magoti na dodoki mkononi. Shamsiya akaleta ndoo. Akamimina maji, na Bibi Yudith akasugua, akianza na mguu wa kushoto, katikati ya vidole, ambako matope yalikuwa yamegandamana. Maji yalitoka ya kahawia. Yakatafuta njia uwanjani, yakaishia chini ya majani ya mkonge, ambako nzi walikuwa wameshatua.